Benchi la Wasiokuwepo

Bawabu alimtazama Bibi Kresensia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akatangaza kwa sauti yake ya msoma habari, sauti iliyofika hadi uwanja wa mpira:

"Hakuna mtu."

Bibi alikuwa amesimama pale pale langoni, kapu la kashata za karanga mkononi, kanga mbili mwilini na sweta juu yake, maana Mlimakozi ni baridi hata kwa mawe. Alikuwa ameinama na kuling'ata bamba la chuma la mashine hiyo kama wageni wote wa Siku ya Wazazi walivyoelekezwa. Tatizo ni kwamba aliling'ata kwa fizi. Meno yake ya mwisho yalikuwa yameshaondoka zamani, kwa amani, bila kuacha anwani.

"Ng'ata vizuri, bibi," alisema Leonidas Msigwa, Kiranja wa Afya, kijana mrefu mwenye beji inayong'aa kuliko macho yake.

"Nimeng'ata, mjukuu wangu. Ningekuwa mbwa ungekuwa unalia sasa hivi."

"Hakuna mtu," Bawabu akarudia.

Leonidas akaigeukia foleni ya wazazi, akainua kidevu, akaiga sauti ya mashine: "Mmesikia wenyewe. Hakuna mtu! Anayefuata!"

Foleni ikacheka. Wengine walicheka kwa ubaya, na wengine kwa sababu walio mbele yao wamecheka. Kisha Leonidas akalichukua lile kapu. "Sukari hairuhusiwi shuleni," alisema kwa huzuni ya kiserikali. "Hizi tunazitaifisha."

Upande wa ndani wa lango alisimama Osmund Ngonyani, kidato cha tatu, na shati alilolinyoosha usiku kucha chini ya godoro kwa ajili ya siku hiyo. Alimwona bibi yake akienda kuketi kwenye benchi la zege nje ya lango, benchi lililojengwa kwa ajili ya mizigo. Asiyesomeka haingii, ndiyo sheria. Mwanafunzi naye hatoki. Basi bibi na mjukuu wakatazamana kupitia nondo mpaka ngoma ya kuagana, bibi akipunga mkono kila mara kwa uchangamfu wote, kama mtu aliyepo.

Nyuma ya Osmund, kwenye dirisha la Bweni la Chui, Leonidas alikuwa akitafuna kashata za taifa.

Hapo ndipo Osmund alipoapa. Aliapa kwa uji wa asubuhi, kwa maharage ya jioni, na kwa mbu wa bweni lake, kwamba siku moja mashine hiyohiyo ingemwambia Leonidas Msigwa maneno hayohayo, mbele za watu, kwa sauti hiyohiyo. Na yeye Osmund angecheka mpaka akalazwe.

*

Ni haki kusema kwamba Bawabu hakuumbwa kwa ubaya. Zamani watu walikuwa wakisubiri moyo uanguke ndipo waanze kuuliza habari za moyo. Wakasubiri sukari ipande, figo zichoke, mama mjamzito ajifungue kabla ya siku zake, ndipo wakimbie huku na huku. Siku moja wataalamu wakachoka kukimbia. Wakasema: mwili ni mji, na mji una lango, tumweke mlinzi langoni. Tangu hapo hakuna shule, kiwanda wala benki isiyokuwa na Bawabu.

Kila njuka aliyefika kidato cha kwanza aligandishiwa punje ya kupimia afya nyuma ya gego la chini, ndogo kama ulezi. Punje ilionja mate na damu ya fizi mchana na usiku. Asubuhi, kabla ya uji, uliling'ata bamba lake jingine mlangoni mwa bwalo, na punje ikasema siri zako zote. Kijani, unaingia. Njano, unaingia bila sukari. Nyekundu, unakwenda zahanati, na kama una cheo, unakiacha huko huko mlangoni. Wageni wasio na punje walisomwa kwa alama za meno. Wasio na meno, basi, kama tulivyoona, hawakuwepo.

Lakini wataalamu walisahau jambo moja, nalo ni utani.

Bweni la Chui na Bweni la Nungunungu walikuwa watani tangu mechi moja ya zamani iliyovunjwa na ukungu, kila upande ukidai ulikuwa unaongoza. Na utani wa Mlimakozi ulikuwa na sheria kuliko shule yenyewe. Mtani hakasiriki. Mtani hashtaki kwa mwalimu. Mtani wako akiugua, wewe ndiye wa kwanza kushika machela. Akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kumpikia na kumchekesha. Kabla ya hapo, mfanye utakavyo.

Nao walifanyana. Mwaka wa kwanza wa Bawabu, Nungunungu walipaka bamba maji ya ndimu, Chui wote wakawa nyekundu, wakanyimwa uji. Chui wakajibu kwa pilipili. Ikafuata dawa ya viatu. Walimu walipochoka kupokea mabweni mazima zahanati, wakampa Kiranja wa Afya mamlaka ya neno moja. Rangi ikitoka ya uongo, kiranja anaiambia mashine, "Utani," na mashine inafuta, inawasha kijani.

Neno hilo lilikuwa mdomoni mwa Leonidas, na Leonidas alikuwa Chui.

Osmund, bila kuhitaji kusemwa, alikuwa Nungunungu.

*

"Karafuu," alisema Osmund.

"Karafuu zimefanyaje?" aliuliza Bosko Haule, jirani yake wa kitanda, ambaye alikuwa akifua soksi bombani kwa sabuni aliyoiazima bila kumwambia mwenyewe.

"Mafuta yake yanailaza punje. Jana nilitafuna nne kutoka jikoni. Asubuhi nikang'ata bamba. Unajua Bawabu aliniambia nini?"

"Ndiyo maana hukunywa uji?"

"Aliniambia hakuna mtu, Bosko! Mimi hapa!" Osmund alijipiga kifua kwa furaha ya bwana harusi. "Mpaka mchana punje ilikuwa bado inakoroma. Sasa fikiria Siku ya Tabasamu. Wageni kutoka shule zote, vipaza sauti, Leonidas jukwaani akionyesha jinsi kiranja bora anavyong'ata. Na kabla hajapanda, mtu mmoja mjinga anakamatwa na kashata mfukoni."

Bosko aliacha kufua. Kila mtu alijua Leonidas alivyokuwa akifanya na vitu alivyovitaifisha. Miaka mitatu alikuwa amekula kashata, ubuyu, na visheti vya shule nzima, kwa niaba ya afya ya shule nzima.

"Kashata yenye karafuu," Bosko alinong'ona. "Mzee, wewe utakuja kufungwa."

"Mtani hashtaki."

"Na akiwa na punje imelala, hata neno lake la 'utani' halitamsaidia. Mashine haiwezi kufuta rangi ya mtu asiyekuwepo."

"Umeona sasa," alisema Osmund kwa unyenyekevu mkubwa.

*

Siku moja kabla ya Siku ya Tabasamu, Osmund alipewa adhabu ya kusugua bamba la bwalo, adhabu aliyoitafuta mwenyewe kwa kupiga mluzi mstarini. Alitaka kuizoea mashine, kama mwindaji anavyozoea kijia cha nguruwe. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine na brashi wakati Leonidas alipotokea kwenye ukungu, peke yake, kabla ya kengele.

Leonidas hakumwona. Aliinama, akang'ata bamba kwa upande wa kulia tu, polepole, kama mtu anayeng'ata kaa la moto.

Taa ikawaka nyekundu.

"Utani," alisema Leonidas kwa uchovu, na taa ikawa kijani. Ndipo alipoona brashi, na mwenye brashi.

"Aa. Umekuja kuangalia kazi yako, Nungunungu?"

Osmund alichovya brashi kwenye ndoo. Kwenye vita, adui akizungumza, msikilize.

"Wiki nzima unaniwekea nyekundu," Leonidas aliendelea. "Kila asubuhi. Huchoki? Mchezo wenyewe wa kitoto. Nilidhani Nungunungu wamekua."

Ilikuwa nafasi ya kuuliza, "Wiki nzima gani?" Lakini sifa ni sifa, hata ya bure, na Osmund hakuwahi kukataa sifa.

"Bado hujaona kitu, kaka," alisema.

Leonidas akacheka. Kicheko kilikatika katikati, akashika mwimo wa mlango, akabaki akihema kama aliyepanda mlima, naye alikuwa ametoka bweni lililo hapo karibu. Pumzi za watu wengine asubuhi hiyo zilikuwa zikitoka moshi kwa baridi. Yeye alikuwa anavuja jasho. Alilifuta kwa kiganja, na Osmund akaona kucha zake. Chini ya kucha kulikuwa na vistari vyeusi, vyembamba, kama miba iliyoingia ikakatikia ndani.

"Na kesho ukijaribu jukwaani," Leonidas alisema akiondoka, mkono shavuni, "nitasema neno langu mbele ya wageni, uaibike wewe."

Osmund alicheka peke yake, akarudi kusugua. Alisugua kulia, akasugua kushoto, kisha brashi ikasimama yenyewe.

Alikuwa hajafanya chochote bado.

Hakuna mtu wa Nungunungu aliyekuwa amemgusa Leonidas wiki hiyo. Osmund mwenyewe alikuwa amewakataza, asije akashtuka kabla ya siku yake. Mashine haikuwa inachezewa. Mashine ilikuwa inasema kweli kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa inaambiwa inyamaze.

*

"Shikamoo, Bi. Eufrasia. Nina swali la baiolojia."

Muuguzi wa shule aliinua macho kutoka kwenye sufuria ya kuchemshia vifaa. "Marahaba. Swali la baiolojia wakati wenzako wako shambani? Umemfanya nini mtu?"

"Sijafanya kitu, bibi muuguzi. Ni la kwenye kitabu. Kuna mtu, ana fizi mbaya. Anatafunia upande mmoja. Asubuhi anahema na kutoka jasho hata kwenye baridi. Ana vistari vyeusi kwenye kucha."

Bi. Eufrasia aliweka koleo chini.

"Huyo mtu wa kitabu, moyo wake uko sawa?"

Osmund akakumbuka. Leonidas hakuwahi kukimbia mbio za nyika. Utotoni aliugua homa iliyoanzia kooni ikamwachia kovu kwenye vali ya moyo. Ndiyo maana alipewa ukiranja wa afya badala ya michezo, na ndiyo maana alimchukia kila mwenye miguu mizima.

"Una kovu," alisema.

"Keti." Bi. Eufrasia akavuta kigoda. "Fizi ikivimba na kutoka damu, watu wanafanya kosa gani? Wanaacha kupiga mswaki hapo, wanasema wanaipumzisha. Hawaipumzishi, wanawafugia wadudu. Usaha unajenga chini ya jino. Sasa damu ya kwenye fizi si damu ya kwenye fizi, kijana wangu. Damu ni moja. Hiyo iliyoko kwenye fizi sasa hivi, ukimaliza kupiga chafya iko moyoni. Kila akitafuna, anasukuma wadudu kwenye barabara kuu. Moyo mzima unaweza kuwapitisha wakaenda zao. Moyo wenye kovu una mahali pa kujishikiza. Wanapanga pale, wanajenga, wanazaana. Vipande vinamegeka vinatupwa na damu. Vikikwama kwenye vidole, unaona vistari. Vikikwama kwenye ubongo, huoni tena kitu."

"Anakufa?"

"Akitibiwa mapema, hapana. Akichelewa, hata akipona, moyo haumrudii ule." Alimkazia macho. "Nani?"

Jina lilikuwa kwenye ulimi wa Osmund. Lilikaa hapo, limekunja miguu. Akaona kapu. Akaona mkono wa bibi ukipunga nyuma ya nondo. Akasikia, *anayefuata!*

"Ni wa kwenye kitabu tu," alisema.

"Basi mwambie aje leo, kitabu kisije kikafungwa."

Osmund alitoka zahanati moja kwa moja kwa Bosko. Bosko alimsikiliza nyuma ya jiko mpaka mwisho, kisha akasema jambo la busara ya kutisha.

"Wewe hujamfanya kitu. Anajifanya mwenyewe. Kaa kimya, unywe uji wako. Mungu kakusaidia kazi."

"Nilimwambia ni mimi."

"Unasema?"

"Aliponiambia namwekea nyekundu. Ningekana, labda angejiuliza. Nikamwambia bado hajaona kitu."

Bosko aliokota jiwe akalitupa bondeni. Hawakulisikia likitua.

*

Siku ya Tabasamu ilikuja na jua la uongo, lile la milimani, linalong'aa bila kuchoma. Jukwaa lilisimamishwa langoni mbele ya Bawabu. Wageni walijaa viti. Leonidas alisimama pembeni akisubiri kuitwa, amepauka kama chaki, mashavu hayalingani.

Osmund alikuwa na kashata mfukoni. Ni kweli, alikuwa nayo. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba hajaamua, na njia nzima mkono ulikuwa mfukoni ukiihakikisha. Alipita mbele ya Leonidas mfuko ukiwa umevimba kwa makusudi.

"Simama, Nungunungu. Toa."

Osmund alitoa. Kashata ilikuwa nzuri, imeiva rangi ya kahawia, na harufu ya karafuu ilitangulia mbele yake kama mpiga debe.

Leonidas aliinusa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Karafuu," alisema chini chini, si kama kiranja, kama mtu tu. "Afadhali. Hili jino... angalau litanyamaza." Akaipeleka mdomoni.

Na Osmund akaelewa. Punje ilikuwa imenyamazishwa kwa neno. Kilichobaki ni maumivu. Maumivu yalikuwa ndiyo bawabu wa mwisho, bado yanapiga kelele mlangoni, na yeye ndiye aliyeleta dawa ya kuyalaza.

Alimpiga mkono. Kashata iliruka, ikaanguka mbele ya viti vya wageni.

"Usile!"

"Una wazimu? Umeweka nini?"

"Karafuu. Nilitaka mashine iseme hupo. Lakini sikiliza, Leonidas. Ile nyekundu ya wiki nzima si yangu. Sijakugusa. Ni ya kwako mwenyewe."

Leonidas aliwageukia wageni, akatabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Utani."

Uwanja mzima ukacheka. Chui wakapiga makofi. Hata Nungunungu walipiga makofi, wakimsifu Osmund kwa uigizaji. Alipaza sauti kwamba moyo una wadudu, wakacheka zaidi. Alimwita Bi. Eufrasia, aliyekuwa mbali zahanati, wakashika mbavu. Ndivyo ilivyo mtu akiwa ameuza uongo mtamu miaka mitatu: siku akileta ukweli, wateja wanauliza utamu umekwenda wapi.

Basi Osmund akainama, akafungua kamba za viatu.

Kicheko kilikufa kwa vipande. Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza, kisha waliowaona walio karibu. Kiatu cha kulia. Kiatu cha kushoto. Soksi. Akavichukua, akatembea juu ya umande unaouma, akaviweka mlangoni mwa Bweni la Chui, visigino vikitazama ndani.

Kila mtoto wa Mlimakozi aliijua sheria hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kuiona ikitendeka. Aliyeviweka viatu vyake mlangoni mwa mtani amevua utani. Analosema baada ya hapo ni kweli tupu. Lakini hatatania tena, hatatega tena, na hata kumcheka Chui ni mwiko kwake. Atatembea peku mpaka yule aliyemvulia avirudishe viatu kwa mkono wake mwenyewe.

Osmund alirudi akasimama mbele ya Leonidas, vidole vya miguu vikigeuka zambarau.

"Una usaha kwenye fizi na wadudu kwenye moyo," alisema. "Tazama kucha zako."

Leonidas alitazama miguu ya Osmund. Kisha, polepole, akatazama kucha.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza. "Wewe unanichukia."

"Nakuchukia sana. Ndiyo maana. Mfu haombi msamaha, wala haoni aibu. Nakutaka mzima, Leonidas. Nakutaka uwe na miguu ya kusimama mbele ya bibi yangu na mdomo wa kumwambia ulimfanyia nini. Ukifa, utakuwa umenikimbia."

Leonidas alifungua mdomo. Huenda lilikuwa lile neno lake. Halikutoka. Magoti yalitangulia, akaanguka dhidi ya Bawabu, meno yakagonga bamba, na taa ikawaka nyekundu mbele ya wageni wote, nyekundu ambayo safari hii hakuna aliyeiambia inyamaze.

Nungunungu walikuja mbio na machela, kama sheria inavyotaka. Osmund hakuwa mtani tena. Hakuwa na haki ya kubeba kama mtani. Akabeba kama adui, kona ya mbele kushoto, peku, mpaka kwenye gari.

*

Leonidas alirudi Siku ya Wazazi iliyofuata.

Hospitali ya mjini ilikuwa imemlaza wiki nyingi, mirija mkononi, dawa zikiwafuata wadudu nyumba kwa nyumba. Moyo ulibaki na kovu la pili, lakini ulibaki. Meno hayakubaki yote. Magego ya kushoto yaling'olewa, na mawili ya mbele yaliyokuwa yameliwa na sukari ya shule nzima yakafuata. Punje ilitoka pamoja na gego lake. Nyingine isingeweza kugandishwa mpaka fizi zipone.

Aliteremka na begi dogo, mwembamba kama rula, akajiunga na foleni. Zamu yake ilipofika aliinama, akang'ata kwa alichokuwa nacho.

Bawabu alizipima alama hizo za mapengo, akafikiri.

"Hakuna mtu."

Kiranja mpya wa afya, mtoto mmoja mnyoofu wa kidato cha pili, alikohoa. "Samahani, kaka Leonidas. Sheria. Wakubwa wameahidi mashine itarekebishwa. Kwa sasa... pale kwenye benchi."

Upande wa ndani wa nondo alisimama Osmund. Hii ndiyo siku aliyoiapia kwa uji na kwa maharage. Maneno yaleyale, mashine ileile, foleni ileile. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikafika kooni, na hapo kikakuta amevua utani. Alikimeza. Kilimchoma njia nzima. Katika shule nzima alikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kucheka, na miguu yake, ambayo haijavaa kiatu tangu siku ile, ilikuwa imepasuka kama shamba la kiangazi.

Lakini kwenye benchi alikuwa ameketi mtu mwingine, na kapu lake.

"Sogea hapa, mume wangu," alisema Bibi Kresensia. "Zege limeshapata joto upande huu."

Osmund alishika nondo kwa mikono miwili. Utani wa mabweni unavuliwa. Utani wa bibi na mjukuu hauna pa kuvulia. Kila bibi anao juu ya kila mjukuu, wa kwake na wa jirani.

"Shikamoo, bibi," alisema Leonidas. Shikamoo ilitoka na upepo mwingi.

"Marahaba. Si wewe yule wa 'anayefuata'?"

Leonidas aliinamisha kichwa. "Ni mimi, bibi."

"Basi leo umefuata."

Foleni ilikuwa imeanza kutega masikio.

"Bibi, nilikukosea. Nakuomba unisamehe."

Bibi Kresensia aligeuka kulia, akageuka kushoto, akachungulia hata chini ya benchi. "Nani anasema?" aliuliza. "Mimi sioni mtu hapa."

"Ni mimi, bibi. Leonidas."

"Upepo wa milimani huu. Una maneno."

"Bibi, nisamehe!" Sasa alikuwa amesimama, na sauti ilifika uwanja wa mpira, bila kipaza sauti. "Nilikucheka mbele za watu! Nikachukua kapu lako, nikala! Nisamehe!"

Foleni nzima ilikuwa imegeuka. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Eeh," alisema Bibi. "Kumbe kuna mtu." Akatoa kwenye kapu kinu kidogo na kashata, akaitwanga bila haraka mpaka ikawa unga, akachota kwa kidole, akala mbele ya macho ya Leonidas kwa utulivu wa mwenye nyumba. Alichota tena. Mara ya tatu akasita, akamwekea kiganjani punje moja ya karanga.

"Moja tu. Nasikia sukari hairuhusiwi. Na ukitoka hapo ukasukutue kwa maji ya chumvi." Kisha macho yake yakapita kwenye nondo, yakashuka. "We Osmund! Viatu viko wapi?"

"Mlangoni mwa Chui, bibi. Ni yeye tu anayeweza kunirudishia."

"Naye haingii."

"Haingii, bibi. Mpaka fizi zipone."

Bibi Kresensia aliwatazama, mmoja nje bila meno, mmoja ndani bila viatu. Akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa fizi zote, machozi yakamtoka akayafuta kwa pindo la kanga. Leonidas alijitahidi asicheke, akashindwa, na mapengo yake yakaonekana hadi kwa wazazi wa mwisho. Osmund peke yake alisimama kama nguzo, midomo ameibana, anatetemeka.

Bibi alivua kanga ya juu, akaipitisha kwenye nondo. "Funga miguu. Na usicheke, hujarudishiwa viatu."

Foleni ilikuwa imekwisha. Bawabu aliangaza lango, akaangaza njia, akaangaza benchi.

"Hakuna mtu," alitangaza.

"Tumesikia," alijibu Bibi Kresensia, akatwanga kashata nyingine.